Namna ya kutafuta vizuri kwenye intaneti



Tangu telefone ya shule iliporuhusiwa siku ya Jumamosi, saa nane mpaka saa kumi, sisi makapita ndio tunaoilinda, na tumeona mambo mingi. Mwanafunzi anafika mbio, anaandika neno moja tu, «volkano» ama «Lumumba», anafungua ukurasa wa kwanza unaotokea, anakopi yote mpaka nukta ya mwisho, na mega zimekwisha. Jumatatu mwalimu anapokea kazi kumi na nne zenye kosa moja, mahali pamoja, na maneno yale yale. Sasa prefe ametuomba tuandike fundisho juu ya jambo hili. Sisi hatuko wataalamu wa ordinatere, hilo mnalijua. Lakini mwezi wa kumi tulilazimishwa kujifunza, kwa ajili ya shamba la mama mmoja, na ni vizuri tuanze hapo.

Mwenzetu mmoja wa mwaka wa sita, jina lake tunaliacha, mama yake analima viazi vya Ulaya kwenye mlima, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Mtu wa Kpandroma hahitaji kuelezewa viazi hivi. Baridi yetu inavipenda, na ndivyo vinavyolipa minervali ya wengi wetu. Basi juma moja mimea ya mama ikaanza kulegea. Mvua ilikuwa inanyesha, udongo ulikuwa na maji, lakini majani yananing'inia kama ya mmea uliokosa maji siku nyingi. Muuzaji mmoja wa dawa sokoni alimwambia mama: «Mildiou hiyo. Puliza dawa haraka, la sivyo utapoteza shamba lote.» Dawa na kukodi pompi vilihitaji feza ambayo mama alikuwa nayo, lakini ilikuwa ni feza moja tu, imefungwa ndani ya kitambaa: ile ya Exetat ya mtoto wake.

Mwenzetu alikuja Jumamosi akasema: «Kapita, tutafute kwanza, mbele mama hajanunua. Anakwenda sokoni kesho kutwa.»

Tuliandika: viazi kuoza. Yakaja mambo ya kupika, mambo ya kuhifadhi viazi gharani, na ukurasa wa Tanzania juu ya viazi vitamu, ambavyo ni mmea mwingine kabisa. Kulikuwa na video pia. Mmoja wetu aliifungua kwa haraka na ikala mega nusu. Tuliandika tena: ugonjwa wa viazi. Hapo ikawa afadhali. Watanzania wanaandika juu ya «bakajani chelewa», na tuliposoma tukaona ndiyo mildiou yenyewe. Ukurasa wa pili vilevile, wa tatu vilevile. Tukasema basi, muuzaji alisema kweli. Tulikuwa tunataka kuzima telefone.

Kumbe dada mmoja wa mwaka wa tano alikuwa amesimama nyuma yetu akingoja zamu yake. Akauliza: «Mbona mnatafuta jina la ugonjwa na hamulijui? Andikeni kile ambacho mama aliona.» Tukaona aibu kidogo, lakini tukaandika kwa Kifaransa kama alivyosema: pomme de terre plante fane feuilles encore vertes. Jina ambalo hatujawahi kulisikia likatokea: flétrissement bactérien. Huo ni mnyauko unaoletwa na bakteria, hauko mildiou. Na dawa ya mildiou haiwezi kufanya kitu juu yake.

Ndani ya kurasa zile kulikuwa na jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kufanya bila feza. Unakata kipande cha shina la mmea uliolegea, karibu na udongo, unakitundika ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa, na unangoja dakika chache. Kama ni bakteria, nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye shina ndani ya maji. Kama ni mildiou, hutaona nyuzi zile. Jumapili baada ya ibada tulipanda mlima watu wanne, tumebeba glasi. Mama alifikiri tunacheza. Tukakata, tukatundika, tukangoja. Nyuzi zikashuka. Mama aliangalia glasi muda mrefu bila kusema neno, halafu akarudisha kile kitambaa ndani ya nguo.

Mama hakuponyesha shamba lile, na tutarudi kwa jambo hilo huko chini. Kwanza tujiulize: kwa nini maneno ya mwanzo yalitupotosha, na maneno ya dada yakatuongoza vizuri?

Mnajua konkordansi ya Biblia, kile kitabu kinene ambacho wachungaji wanatumia wakitayarisha mahubiri. Unatafuta neno «mchungaji», unaona orodha ya mistari yote yenye neno lile. Alexander Cruden alitengeneza konkordansi ya namna ile kwa Biblia ya Kiingereza, ikachapwa London mwaka 1737, kazi yote kwa mkono. Sasa fungua konkordansi ya Kiswahili utafute neno «pasta». Hutapata kitu. Je, Biblia haisemi juu ya wachungaji? Inasema, lakini kwa neno lake, si kwa neno lako.

Mashine ya kutafuta, kama Google, ni konkordansi ya namna hiyo. Ukibonyeza, haizunguki dunia nzima wakati ule. Ilikwisha kuzunguka zamani: programu zake zinapita usiku na mchana kutoka ukurasa mmoja mpaka mwingine, zinasoma, na zinaandika neno gani liko wapi. Wewe unapouliza, mashine inafungua orodha yake tu. Kwa sababu hiyo inajibu kwa sekunde moja. Na kwa sababu hiyo pia ukurasa mzuri kabisa unaweza kuwa mle ndani usiuone milele, juu ya neno moja ambalo mwandishi wake hakulitumia. Siku hizi mashine inajaribu kukisia neno linalofanana na lako, na kwa Kiingereza ama Kifaransa inaweza sana. Kwa Kiswahili inaweza kidogo. Kwa majina ya vijiji vyetu, usiitegemee.

Mtu wa kwanza kutengeneza mashine ya kutafuta kwenye intaneti alikuwa mwanafunzi, Alan Emtage, mzaliwa wa kisiwa cha Barbados. Alikuwa kwenye Université McGill kule Montréal, na mwaka 1990 mashine yake iliyoitwa Archie ikaanza kazi. Ilijua majina ya mafaili tu, haikuweza kusoma maneno yaliyo ndani. Baadaye wanafunzi wawili wa Université ya Stanford kule Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walipata wazo la kuhesabu ni kurasa ngapi nyingine zinaelekeza watu kwenye ukurasa huu, na kama zinazoelekeza zenyewe zina heshima. Hapo Google ilizaliwa, mwaka 1998. Wazo ni zuri, lakini tuone matokeo yake kwetu. Ukurasa unaowekwa juu ni ule unaojulikana na wengi. Hauko lazima ule wa kweli zaidi, na hauko ule wa karibu na sisi. Mtu aliyeandika juu ya shamba la Djugu, nani atamwelekezea watu? Yeye atakaa chini, pengine kwenye ukurasa wa tatu wa majibu, mahali ambapo hakuna mwanafunzi wetu hata mmoja aliyefika.

Kwa hiyo jambo kubwa tunalotaka mkumbuke ni hili: mbele ya kuandika, jiulize nani ameandika jibu ninalolitafuta, yeye anaishi wapi, na angetumia maneno gani. Halafu andika maneno yake, si yako.

Tuchukue viazi tena. Sisi tunasema viazi vya Ulaya. Mtanzania anaandika «viazi mviringo» ama «viazi mbatata». Mtu wa Nairobi anaweza kuandika «waru». Mfaransa anaandika «pomme de terre», na ukiweka hilo peke yake utapewa mashamba ya Ufaransa na Ubelgiji, trakta kubwa, na ushauri wa kupanda wakati wa printemps, kitu ambacho hatuna. Tuliongeza maneno: altitude Rwanda Burundi Kivu. Majibu yakageuka kabisa, kwa maana kule wanalima juu ya milima kama sisi, na wanateswa na ugonjwa ule ule. Mwalimu wa Kiingereza alitusaidia kuandika: potato bacterial wilt Uganda Kabale. Kabale ni mji wa milima kusini-magharibi mwa Uganda, baridi yake na viazi vyake ni kama vya kwetu. Tena kule Lima, nchi ya Peru, kuna Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoanzishwa mwaka 1971, kwa sababu milima ile ndiyo nyumbani kwa viazi. Wanaandika kwa Kiingereza na Kispania. Wanafunzi wanaosema «Kiingereza kitanisaidia nini?» wasome sentensi hii mara ya pili.

Na si mbali tu. Watu wengi walisahau kama hapa hapa Ituri, Nioka, kuna kituo cha utafiti wa kilimo. Leo ni cha INERA. Lakini mbele ya mwaka 1970 jina lilikuwa INEAC, shirika ambalo Wabelgiji walilianzisha mwaka 1933. Ukiandika INERA Nioka unapata vitu vingine, ukiandika INEAC Nioka unapata vingine, vya zamani zaidi. Ni kituo kile kile!

Jambo hili la majina tunataka kulikazia, kwa sababu sisi watu wa hapa limetupata kuliko wengine. Nchi yetu iliitwa Zaïre kuanzia 1971 mpaka 1997. Aliyeandika mwaka 1980 juu ya udongo wa Djugu hakuandika «RDC», na hakuandika «province ya Ituri», kwa kuwa Ituri imekuwa province tangu 2015. Aliandika «Haut-Zaïre». Katika miaka ya 1962 mpaka 1966 palikuwa na province iliyoitwa Kibali-Ituri. Lac Albert nayo iliitwa Lac Mobutu Sese Seko. Mwenye kutafuta habari za samaki wa miaka ile lazima aandike hivyo, apende asipende. Hata bakteria yetu ya viazi ilibadilisha jina! Leo wataalamu wanaiita Ralstonia solanacearum, lakini vitabu vya miaka ya 1970 na 1980 vinaandika Pseudomonas solanacearum. Tulipoandika jina la zamani, maandishi mengine mingi yalitokea.

Halafu namna ya kuandika. Kijiji chetu wengine wanaandika Kpandroma, wengine Kpandruma. Majirani zetu: Rethy, Rethi, Rety. Mashine inaweza kufikiri ni vijiji vitatu. Dawa yake iko: weka neno OR katikati, kwa herufi kubwa, namna hii:

Kpandroma OR Kpandruma

Mashine italeta yenye jina hili ama lile.

Kuna huzuni moja pia. Mwanafunzi wa mwaka wa tano alipewa kazi ya historia juu ya Ituri. Akaandika Ituri, neno moja. Yote yaliyotokea ilikuwa vita, maiti, wakimbizi. Mtu wa mbali akisoma vile atafikiri hapa hakuna anayelima, anayeoa, wala anayekwenda shule. Hatusemi habari zile ni za uongo, wengi wetu tulikimbia na tunajua. Lakini mashine inaleta kile ambacho watu wengi wamekiandika na kukifungua. Ukitaka kitu kingine, lazima ukitaje: chemin, marché, mission, élevage, école, pamoja na mwaka. Yule mwanafunzi aliandika Kibali-Ituri 1963, akapata habari ambazo hata mwalimu wa historia aliomba kuzisoma.

Sasa alama ndogo ambazo zinasaidia. Hizi ni rahisi, tutapita haraka. Ukiweka maneno ndani ya alama za kunukuu, kama "flétrissement bactérien", unaiambia mashine: nataka maneno haya, yakifuatana hivi, usibadilishe. Hiyo ni nzuri sana kwa majina ya hapa, maana mashine inapenda kusahihisha jina ambalo hailijui na kukupa jingine. Ukiweka alama ya kutoa mbele ya neno bila kuacha nafasi, unafukuza kurasa zenye neno lile: viazi -vitamu. Kama tungejua hiyo siku ya kwanza, tusingepoteza mega zetu kwa viazi vitamu. Ukiandika site:fao.org na maneno yako, mashine inatafuta ndani ya nyumba moja tu, hapa ni ile ya shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo. Ukiongeza filetype:pdf unapata vitabu na ripoti, lakini angalieni uzito wake mbele ya kufungua, maana kitabu kimoja chenye picha kinaweza kumaliza mega za Jumamosi nzima na wenzenu wakabaki wakiwaangalia kwa macho mabaya.

Maneno mangapi? Neno moja ni machache mno. Sentensi ndefu ya salamu, «naomba unisaidie kupata habari juu ya», haina faida, mashine haihitaji heshima. Maneno matatu mpaka sita yenye uzito yanatosha. Yasipoleta kitu, usiongeze maneno. Ondoa moja, ama badilisha lugha.

Majibu yakifika, kazi bado. Hapa ndipo wengi tunaanguka. Juu kabisa mara nyingi kuna matangazo ya watu waliolipa, yameandikwa «Sponsorisé» kwa herufi ndogo. Ruka. Siku hizi pia mara nyingine mashine inaandika jibu lake yenyewe juu ya majibu yote, kwa sentensi safi, kama mwalimu. Jibu lile limeunganishwa kutoka kurasa nyingi, na linaweza kukosea bila kusita hata kidogo. Tulisome kama tunavyosoma kazi ya mwanafunzi mwenzetu mwenye mwandiko mzuri: mwandiko si ushuhuda.

Kisha tunauliza ukurasa wenyewe: nani aliandika? Mwaka gani? Anauza nini? Ukurasa mmoja uliosema kila kulegea kwa viazi ni mildiou ulikuwa, chini yake, unauza dawa ya mildiou. Hatusemi mwenye ukurasa ni mwongo. Pengine anaamini. Lakini yeye hawezi kuwa shahidi peke yake. Na kuhesabu mashahidi kuna mtego. Tulipata kurasa tano zinazosema jambo moja, tukafurahi, halafu dada yule yule (anaanza kutuchosha, lakini ana haki) akaonyesha kama sentensi ni ile ile mpaka na kosa la herufi. Zote zilikopi kwa mmoja. Kurasa tano zilizokopiana ni shahidi mmoja. Tulichofanya: tukatafuta mmoja wa Uganda, mmoja wa Peru, mmoja wa Umoja wa Mataifa, walioandika kila mtu kwa maneno yake. Walipopatana juu ya glasi ya maji, ndipo tulipanda mlima.

Tunapenda kusema pia kama muuzaji wa sokoni hakuwa mtu mbaya. Magonjwa haya mawili, kwa mtu anayesikia tu maneno ya mama, yanafanana. Mildiou inaleta madoa meusi juu ya majani, na wakati wa unyevu unaona ukungu mweupe upande wa chini wa jani. Ndiyo iliyoleta njaa kubwa kule Ireland kuanzia mwaka 1845, na inaweza kumaliza shamba kwa siku chache. Mnyauko wa bakteria unalegeza mmea ungali kijani, na ukikata kiazi unaona duara ya rangi ya kahawia ndani, pengine na maji mazito meupe yanayotoka. Muuzaji hakuja shambani kuona. Sisi vilevile, tulipokuwa ndani ya darasa na telefone, hatukuwa tumeona. Mashine ilituambia tuangalie kitu gani. Kuangalia kulibaki kazi yetu.

Neno juu ya mega, kwa sababu rezo ya hapa mnaijua, leo iko, kesho haiko. Mwanafunzi aandike maswali yake kwenye karatasi mbele ya kufika, kwa maneno matatu tofauti, na kama anaweza kwa lugha mbili. Afungue maandishi, aache video. Aweke ukurasa ndani ya telefone asome baadaye bila rezo. Kuna pia programu inayoitwa Kiwix, ya bure, inayoweka Wikipedia nzima ndani ya ordinatere bila intaneti. Ukiipakia mara moja mahali penye rezo nzuri, Bunia kwa mfano, unairudisha hapa na shule yote inasoma. Tumemwomba prefe, anafikiri. Wikipedia ya Kifaransa ina makala zaidi ya milioni 2. Ya Kiswahili haifiki hata sehemu moja ya kumi ya hizo. Kwa hiyo kwa kazi za sayansi anzeni na Kifaransa, na msitafsiri kabla ya kuelewa.

Turudi kwa mama. Mnyauko ule hauna dawa. Mama aling'oa mimea yote iliyolegea pamoja na udongo wake, akaichimbia mbali na kijito, kwa sababu ugonjwa unasafiri kwa maji, kwa jembe na kwa udongo ulioshika miguu. Sisi tulisafisha majembe. Viazi vilivyobaki alivivuna mbele ya wakati, vidogo, akauza kwa kula. Akapanda mahindi mahali pale, maana bakteria inaishi kwa nyanya, bilinganya, pilipili na tumbako pia, lakini mahindi haiyawezi. Feza ya Exetat ililipwa mwezi uliofuata, na mwenzetu yuko pamoja nasi kwenye marudio kila jioni.

Lakini mama alituuliza swali ambalo mpaka leo hatujalijibu. Mbegu aliyopanda ilikuwa nzuri kwa macho, na kumbe kiazi kinaweza kubeba bakteria ndani bila alama yoyote, zaidi sana mahali pa baridi kama hapa. «Sasa, watoto wangu, mbegu safi nitaitoa wapi?» Tumetafuta kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, INERA na INEAC, Kpandroma na Kpandruma. Tumepata namna ya kuchagua mbegu kwa kuweka miti kando ya mimea yenye afya shambani, na tumempa mama karatasi. Mahali pa kununua mbegu yenye uhakika, karibu, tena kwa bei ya mama, hapo bado. Jumamosi hii tutajaribu kwa Kiingereza, upande wa Uganda. Mwenye mzazi anayejua, ama mwenye neno jingine la kuandika ambalo hatujalifikiri, aje saa nane kamili na karatasi yake. Telefone itakuwa na chaji.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita
Kpandroma